Ndiyo Yangu Pale kwa Sheha

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na nyinyi jirani zetu Waislamu mliokubali kuja kukaa nasi jioni hii, assalamu alaykum, ahsanteni sana.

Padri amenitaka niseme juu ya Mkristo na siasa za hapa kwetu Zanzibar. Mimi si mwanasiasa, wala theolojia sikusoma. Nimekuwa mkunga kwa miaka 34, na humu ukumbini wamo watu niliowapokea kwa mikono yangu. Nilichonacho ni jambo lililonitokea mwenyewe, na tangu siku hiyo silali vizuri. Naanza nalo, maana nikianza na makosa ya wengine nitakuwa nimejificha nyuma yao.

Nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, kuchukua barua kwa ajili ya skuli ya mjukuu wangu. Foleni ndefu, tumekaa kwenye benchi la mbao nje ya mlango. Mbele yangu alikuwa kijana wa mtaani kwetu. Mama yake ni Mpemba, na Wapemba huhesabiwa watu wa upinzani. Tumepakana ua kwa ua. Ramadhani sinia la futari linapita juu ya ukuta kuja kwangu, na Krismasi sinia hilohilo linarudi kwake na pilau. Kijana alikuwa anafuata kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Nyote mnajua, bila ya kitambulisho hicho huandikishwi kupiga kura, na ukienda kutafuta kazi jambo la kwanza unaloulizwa ni hicho. Akaambiwa hajulikani katika shehia ile. Ilikuwa mara yake ya tatu kuambiwa hivyo. Akatoka na bahasha yake ya kaki kwapani, akanipita pale kwenye benchi, akaniamkia: "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba.

Kijana yule nimemzalisha mimi. Mwaka 2002, alfajiri, masika yanamwagika, alikuja ametanguliza miguu, na mama yake alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Kwenye kadi yake ya kliniki uzito wa kuzaliwa umeandikwa kwa kalamu yangu, kilo 2.9. Hapa Unguja hakuna mtu aliyeanza kumjua kabla yangu. Nami nilimwitikia marahaba, nikanyamaza.

Baada yake akaingia mwenzetu wa kanisani. Ni kijana mwenye adabu, amekuja kutoka bara mwaka jana kutafuta maisha. Fomu yake ilikuwa imeshajazwa kwamba yupo jimboni petu kwa zaidi ya miaka mitatu, kwa sababu sheria inataka mtu awe amekaa miezi 36 mfululizo ndipo aandikwe kwenye daftari la wapiga kura. Chini palikuwa na saini ya mmoja wa wazee wetu wa kanisa. Sheha akainua kichwa, akaniona nimesimama mlangoni, akaniuliza: "Mama, huyu ni wenu?"

Nikasema: "Ndiyo, ni wetu."

Ni wetu kweli. Anaimba kwaya, sauti yake naisikia kila Jumapili. Lakini sheha hakuwa anauliza habari za kwaya, na mimi nilijua vizuri anauliza nini. Muhuri ukapigwa juu ya ndiyo yangu.

Bwana wetu anasema katika Mathayo sura ya 5: "Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo, kwa kuwa yazidiyo hayo yatoka kwa yule mwovu." Aya hii naijua tangu kipaimara. Siku ile nilikuwa na siyo moja na ndiyo moja za kusema, nikavipindua. Aliyestahili ndiyo yangu nikamnyima, na pale palipotakiwa siyo nikaitoa ndiyo.

Sasa niwaeleze kwa nini nilifanya vile, maana nadhani sababu yangu ndiyo yenu. Mimi nina kadi ya CCM tangu ujana wangu, na sijairudisha. Humu ndani wengi tunayo. Mtaani watu wanasema kura za Wakristo zinajulikana kabla hazijahesabiwa, na hawasemi uongo. Sisi ni wachache mno hapa. Zaidi ya watu 95 katika kila 100 visiwani ni Waislamu. Wengi wetu ni wa asili ya bara. Mtu mchache akiwa ugenini hutafuta ukuta wa kuegemea, na ukuta wetu tumeuona ni serikali. Sikulaumu kwa hilo. Chama unachokipenda ni haki yako, na sikuja hapa kumhamisha mtu.

Tena khofu yetu haikuzuka hivihivi. Mei 2012 makanisa yalichomwa moto hapa mjini. Krismasi ya mwaka huohuo Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi, akanusurika. Na Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, Padri Evaristus Mushi alipigwa risasi akafa, anakwenda Mtoni kusomea waumini misa. Nilikuwa zamu siku ile. Habari ilipofika wodini nilishindwa kushika mkasi.

Jioni nilipotoka kazini nilimkuta jirani yangu, mama wa kijana yule, amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu. Kajitanda kanga, hana maneno mengi. Akaniambia, "Pole dada, msiba huu ni wetu." Akabaki pale mpaka saa nne usiku. Nikumbushe pia kwamba Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alikuwa ameshamwagiwa tindikali Novemba 2012. Wabaya wale hawakuwachagua Wakristo peke yao.

Kuanzia hapo ndipo tukajifunza namna fulani ya kufikiri, na ndiyo ninayotaka tuitazame kwa makini. Tukawa tunaambizana chini kwa chini: hawa wakubwa wakiondoka, nani atatulinda? Kwa hiyo wakubwa wakifanya jambo, tunalinyamazia. Akionewa mtu wa upande wa pili, tunasema siasa hizo, kanisa halimo. Likitugusa sisi, kanisa linakuwamo mara moja. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa visiwani, walikaa rumande Dar es Salaam miaka na miaka kwa mashitaka ya ugaidi, kesi haifiki mwisho, hadi Juni 2021 mashitaka yakafutwa. Mahubiri yao sikuyapenda hata siku moja, na mengine yaliniumiza. Lakini mtu kukaa ndani miaka yote hiyo bila hukumu, hilo ni kosa nikilipenda neno lake nisilipende. Sikumbuki sala hata moja tuliyowaombea hapa. Wake zao tulikuwa tunakutana nao sokoni Darajani.

Na kuna la zamani zaidi. Januari 2001, tarehe 26 na 27, watu walioandamana kudai uchaguzi urudiwe walipigwa risasi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa wasiopungua 35, wengi wao Pemba, na zaidi ya watu 2000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Jirani yangu alikuwa na kaka yake Micheweni aliyevuka kwa dau usiku, na kwa wiki tatu hawakujua kama kafika au kazama. Tarehe 28 ilikuwa Jumapili. Nilikuwepo ibadani. Katika sala za waumini tuliwaombea viongozi wetu Mungu awape hekima, tukaomba amani, tukawaombea wagonjwa kwa majina. Waliokufa jana yake hawakutajwa. Nilikuwa miongoni mwa waliosoma sala zile. Karatasi niliandikiwa, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Linganisheni basi siku hizo mbili. Msiba wetu wa 2013 jirani yangu alikuja kukaa mlangoni kwangu. Wake wa 2001 sikuvuka ukuta.

Jirani zetu Waislamu, kama mnavyojua, wanaingia katika dini yao kwa kushuhudia. Shahada ni ushahidi. Na sisi katika zile amri kumi tumeamriwa: usimshuhudie jirani yako uongo. Mungu angeweza kusema usiseme uongo, yakaisha. Amemtaja jirani. Amri ile inanipeleka pale mahali ambapo mtu mwenye mamlaka anakuuliza habari za jirani yako, na jibu lako litampa haki yake au litamnyang'anya. Kwetu hapa mahali hapo ni benchi la sheha, ni kituo cha kuandikishia, ni mlango wa polisi.

Sasa turudi kwenye ukoo wetu wa imani, kwa sababu tuna tabia ya kujisifu nao. Bibi ya bibi yangu aliletwa Mbweni akiwa mtoto. Misheni ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana, ilinunua shamba pale mwaka 1871, wakakaa watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Hakulijua jina la kijiji chao, alikumbuka tu kwamba palikuwa na mto. Na Kanisa Kuu la Mkunazini, kila mgeni anayeletwa na waongozaji watalii anaambiwa: hapa palikuwa soko la watumwa, soko lilifungwa 1873, na mwaka huohuo kanisa likaanza kujengwa. Yote kweli. Wageni wanapiga picha lile duara la marumaru mbele ya altare, wanapoambiwa watumwa walichapwa, na sisi tunasimama wima, tunajiona watoto wa waliokomesha utumwa.

Lakini simulizi ile huwa tunaikata katikati. Waingereza waliitwaa Zanzibar chini ya ulinzi wao mwaka 1890. Malkia wao wa wakati ule ndiye aliyekuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Hadhi ya utumwa kisheria haikufutwa mpaka 1897, miaka saba baadaye, kwa sababu walikuwa wanaiogopea karafuu. Na ilipofutwa, aliyelipwa fidia alikuwa mwenye mtumwa. Mtumwa mwenyewe ilibidi aende mahakamani kudai uhuru wake, akasimame mbele ya meza aeleze yeye ni nani na wa nani. Masuria hawakuguswa kabisa na amri ile hadi 1909. Nikiwaza mtumwa yule aliyesimama mbele ya meza na hana wa kumshuhudia, namwona kijana wa jirani yangu na bahasha yake ya kaki.

Sasa namleta Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 mpaka alipofariki 1924. Huyu nataka tukae naye kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliongoza yeye mwenyewe wapagazi kutoka hapa Unguja kwenda bara, akatembea nao kwa miguu. Tena aliandika kuwashitaki Wajerumani kwa walivyowatesa Waafrika katika koloni lao. Uingereza wakampigia makofi. Bila shaka! Mjerumani alikuwa adui, na kumsema adui hakugharimu kitu. Mtu yeyote humu ndani angeweza kuandika vile.

Kisha mwaka 1919 serikali ya Kiingereza kule Kenya ikatoa waraka, machifu na mabwana shauri wahimize Waafrika waende kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Neno lililotumika lilikuwa la upole, lakini kila aliyepelekewa askari mlangoni alijua maana yake. Viongozi wa makanisa ya Kenya na Uganda, watu wa sala, wengine wametumikia huku miaka mingi, wakajibu kwamba, naam, kuna hatari, lakini kazi ya lazima yaweza kukubalika ikiwekewa masharti mazuri. Weston akasema hapana. Kumlazimisha mtu kumfanyia kazi tajiri binafsi ni dhambi, na masharti hayaisafishi dhambi. Akaandika tena, safari hii kuishitaki nchi yake mwenyewe, serikali ileile ambayo bendera yake ilipepea mlangoni kwake. Akasafiri mpaka London kuipigania kauli yake. Mwaka 1921 serikali ya Uingereza ikaurudisha nyuma waraka ule.

Sasa jiulizeni nani aliyekuwa Mkristo pale. Wote walikuwa Wakristo, na wengi wao walikuwa maaskofu. Tofauti yao ilionekana pale upande wao wenyewe ulipokosea. Mwaka 1923, mwaka mmoja kabla ya kufa, Weston alisimama London mbele ya maelfu ya Waanglikana wenzake akawaambia kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu aliyemo katika tabenakulo kama hawamhurumii Yesu aliyemo katika vibanda vya maskini. Alikuwa anasema na watu waliopenda sana uvumba na mavazi ya ibada, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Hakuwaambia waache uvumba.

Najua mtu atainuka aseme: mama, ukichanganya dini na siasa utaleta balaa, tazama historia yetu. Naitazama. John Okello alikuwa Mkristo kutoka Uganda, aliishi Pemba akifanya kazi za mikono kabla hajaja Unguja, na Januari 1964 alitangaza redioni kwa sauti iliyowatia watu homa. Alidai anaongozwa na ndoto kutoka kwa Mungu. Watu wengi waliuawa siku zile. Mapinduzi hayakuwa vita vya Wakristo, Mzee Karume alikuwa Mwislamu na wengi wa wafuasi wa Afro-Shirazi walikuwa Waislamu, na hao ndio waliomtoa Okello nchini baada ya miezi miwili. Lakini jina la Mungu alilitumia, na katika nyumba fulani za mji huu bado watu wanakumbuka kwamba mwenye sauti ile alikuwa Mkristo. Kwa hiyo sisi tunaposema tuna amri ya Mungu ya kupigia chama fulani, tujue maneno hayo yanasikika vipi upande wa pili wa ukuta.

Na Mwalimu Nyerere. Nampenda Mwalimu, nalia nikisikia sauti yake redioni kila Oktoba. Alikuwa mtu wa misa kila asubuhi, na Kanisa Katoliki linaufuatilia utakatifu wake. Lakini mwaka 1969 serikali yake iliwakabidhi wanasiasa Kassim Hanga na Othman Shariff kwa serikali ya Zanzibar, na wakauawa. Nikimpenda Mwalimu sharti niliseme na hilo, vinginevyo ninayempenda ni picha ya ukutani.

Watu wa Pemba wazee wanawakumbuka Marafiki, wale Wakweka, waliokuja karibu na Chake Chake mwaka 1897, wakafungua shamba Banani kuwapa kazi ya ujira watu waliotoka utumwani. Walikuwa Wakristo wasiokula kiapo. Hata mahakamani Mkweka haapi, kwa sababu ya aya ileile ya Mathayo niliyowasomea. Hoja yao ni kwamba ukiapa leo, umekiri kuwa maneno yako ya jana yalikuwa na nafasi ya uongo. Mimi si Mkweka, nimeapa nilipoanza kazi ya ukunga na sijuti. Lakini nawaza, siku ile sheha angemuuliza mmoja wao, "Huyu ni wenu?", angejibu nini? Nadhani angesema: "Kijana huyu nasali naye, na amekuja mwaka jana." Basi. Maneno machache, hayahitaji ushujaa mkubwa. Mimi yalinishinda.

Kwenye chai, kabla sijasimama hapa, mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Dada, usiyaseme haya mbele za watu, utaonekana umehama chama." Nimefikiria neno lake. Kama chama changu kinahitaji niseme uongo juu ya kijana niliyemzalisha, mwenye shida ni chama, na mimi mwanachama ndiye ninayepaswa kukiambia. Na kama kanisa letu liko salama kwa sababu tu jirani kanyimwa kitambulisho, basi siku atakayokipata tutafanya nini? Tutahama? Tumezikwa Mbweni vizazi vinne.

Nimemwendea yule kijana wetu wa kwaya kabla ya kuja hapa. Sikutaka ayasikie kwa watu. Alikaa kimya, akasema, "Mama, mimi niliambiwa nisaini tu." Namwamini. Nikamwambia miaka mitatu si mingi, itatimia, na ikitimia nitakwenda naye mwenyewe kumshuhudia, nitasema ndiyo kwa sauti. Mpaka hapo akihitaji kitu, anajua nyumba yangu. Mzee wetu aliyetia saini nimemwendea pia. Hatukuelewana. Alisema mimi sijui siasa, akaniambia nikumbuke 2012. Nikamwambia nakumbuka, nakumbuka na aliyekuja kukaa mlangoni kwangu. Tumeachana hapo, na jina lake nalitaja kwenye sala kila usiku.

Kwa jirani yangu nilikwenda juzi, safari hii kwa mlango wa mbele. Nilimweleza kwamba nilikuwepo pale kwa sheha siku mwanawe aliporudishwa, na kwamba nilinyamaza. Alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda. Baada ya muda mrefu akasema, "Aliniambia kwamba ulikuwepo." Alijua siku zote hizo, na sinia la futari halikuacha kupita ukutani.

Jumatatu saa mbili asubuhi tunakwenda kwa sheha, yeye, mwanawe na mimi. Nitalisema la kijana wake, na nitaiondoa ndiyo yangu ile nyingine. Kama yupo humu mwengine anayemjua kijana huyu, aliyesoma naye skuli au aliyekuwa akimuuzia maji ya ndimu hapo kona, benchi ni refu, aje akae nasi. Kadi ya kliniki mama yake ameshaitoa sandukuni. Imekatika kwenye kunjo, wino umegeuka kahawia, lakini 2.9 inasomeka, na mwandiko ni wangu.